Mike Webster, mtu wa katikati

Kila mchezo una watu wake wa sifa, na kila mchezo una watu wake wa kazi. Afungaye bao hubebwa mabegani; aliyemfungulia njia hurudi nyumbani kwa miguu yake. Wasomaji wetu wanalijua jambo hilo katika mpira wa miguu, lakini katika mpira wa Kimarekani limekuwa kama sheria. Humo wamo watu watano ambao kazi yao ni kupiga na kupigwa, ili mwenzao apite. Leo twataka kuwasimulia habari za mmoja wao, Mike Webster wa timu ya Pittsburgh. Aliishika kazi hiyo miaka 17, akapata kila heshima iliyoweza kupatikana, kisha akafa mwaka 2002 akiwa maskini, na akili yake imechakaa. Tutawasimulia pia habari za daktari mmoja Mwafrika, mzaliwa wa Nigeria, aliyeuliza swali ambalo wakubwa wa mchezo huo hawakupenda kuulizwa.

MCHEZO WENYEWE

Mpira wa Kimarekani haufanani na mpira wetu. Chombo chenyewe si mviringo, bali kimechongoka pande mbili kama papai dogo. Wachezaji ni 11 kila upande. Uwanja una urefu wa meta 91, bila kuhesabu sehemu mbili za mwisho, ambamo pointi hupatikana. Upande ulio na mpira hupewa nafasi nne za kusogea mbele meta 9 hivi. Wakisogea, hupewa nafasi nne nyingine. Wakishindwa, mpira huwaendea wapinzani. Kwa sababu hiyo mchezo hauendi mfululizo, bali huenda kwa vipande vifupi: watu hupanga safu, hugongana, huanguka, huamka, kisha hupanga safu tena.

Upande wenye mpira una mtu mmoja aamuruye wenzake, ndiye mrusha mpira. Ana nukta chache tu za kumtafuta mwenzake aliye huru, na wakati huohuo wapinzani wanamkimbilia wapate kumwangusha. Ni nani atakayewazuia? Ndio wale watano wa mbele. Mmoja husimama katikati, wawili ubavuni mwake, na wawili wengine pembeni. Hawabebi mpira. Hawafungi. Kwa kawaida sheria haiwaruhusu hata kuudaka mpira uliorushwa mbele. Watazamaji husikia majina yao hasa siku wanapokosa.

Mtu wa katikati ana kazi mbili kwa wakati mmoja. Huinama, huushika mpira ulio chini, huupitisha nyuma kati ya miguu yake mpaka mikononi mwa mrusha mpira: hapo ndipo mchezo huanza. Na kabla mkono wake haujarudi mbele, mpinzani mwenye kilo 120 amekwisha kumfikia usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Mike Webster.

KIJANA WA SHAMBA LA VIAZI

Webster alizaliwa tarehe 18 Machi 1952 katika Tomahawk, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani, ambako wakati wa baridi nchi yote hufunikwa na theluji. Alikulia katika shamba la viazi vya Ulaya. Alikwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, akacheza katika timu ya chuo hicho.

Huko Marekani, timu za ligi kuu, iitwayo NFL, huchagua vijana wa vyuo kila mwaka kwa zamu. Katika uchaguzi wa mwaka 1974 vijana 124 walitajwa kabla jina la Webster halijatajwa. Wengi walimwona mdogo kwa kazi ile: urefu wake ulikuwa sentimeta 185, na uzito wake haukuwatisha watu. Timu ya Pittsburgh Steelers ilimchukua. Mwaka uleule iliwachukua pia Lynn Swann, Jack Lambert na John Stallworth, nao wote wanne baadaye waliandikwa katika nyumba ya mashujaa wa mchezo huo.

Pittsburgh ulikuwa mji wa makaa ya mawe na viwanda vya chuma cha pua, na jina la timu latokana na chuma hicho. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1933, timu hiyo haikuwa imepata ubingwa hata mara moja. Watu wa mji, ambao wengi wao walifanya kazi ngumu katika joto na moshi, waliipenda hivyohivyo. Ndipo katika miaka sita tu ilipopata ubingwa mara nne: Januari 1975, Januari 1976, Januari 1979 na Januari 1980. Mara zote nne Webster alikuwamo.

Miwili ya kwanza alipokezana na mzee wa nafasi hiyo, Ray Mansfield. Tangu mwaka 1976 nafasi ikawa yake, na tokea hapo alianza michezo 150 mfululizo bila kukosa hata mmoja, mpaka kiwiko chake kilipoteguka mwaka 1986. Aliongeza uzito na nguvu kwa mazoezi, hata akafikia kilo 116 hivi. Hata siku za theluji alicheza mikono wazi, mikono ya shati imekunjwa mpaka mabegani. Wenzake walipomaliza kupanga shauri, yeye alikwenda mbio kwenye nafasi yake, asitembee, ili adui asidhani kwamba amechoka. Wakamwita Mike wa Chuma. Alikuwa kapiteni wa washambulizi, na mara 9 alichaguliwa katika mchezo wa wachezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 1994, NFL ilipotimiza msimu wake wa 75 na kutaja wachezaji bora wa nyakati zote, Webster aliwekwa katika orodha hiyo.

MAPIGO YASIYOHESABIWA

Katika mchezo huo hesabu hutunzwa kwa bidii ya ajabu. Huhesabiwa meta alizokimbia mtu, mipira aliyodaka, na pointi alizofunga. Lakini mapigo ya kichwani aliyopata mtu wa katikati hayakuhesabiwa na mtu yeyote.

Sheria za zamani zilimwongezea mzigo. Mpaka mwaka 1977 mlinzi aliruhusiwa kumpiga mshambulizi kofi kubwa kwenye kofia yake ngumu ili kumtia kizunguzungu. Mwaka huo jambo hilo likakatazwa. Mpaka mwaka 1978 mzuiaji hakuruhusiwa kunyosha mikono yake na kusukuma kwa viganja vilivyo wazi. Akazuie kwa nini, basi? Kwa mabega, na kwa kichwa. Webster aliijifunza kazi yake katika siku hizo.

Wanafunzi wetu na wachukue kalamu. Katika miaka 17, Webster alicheza michezo 245, bila kuhesabu ile ya mwisho wa msimu ya kugombea ubingwa. Katika mchezo mmoja upande wenye mpira huanza safu mara 60 hivi. Zidisheni, mtapata mara 14,700. Hata tukipunguza miaka ile ya kwanza alipopokezana na mwenzake, bado ni zaidi ya mara 10,000. Na karibu kila mara kulikuwa na kugongana. Tena hatujayahesabu mazoezi ya wiki nzima, wala miaka ya chuo.

Kofia ngumu husaidia, lakini tuelewe husaidia nini. Hulikinga fuvu lisivunjike. Haiwezi kuuzuia ubongo usitikisike ndani ya fuvu. Chukueni yai mkalitikise kwa nguvu: ganda halikupasuka, lakini kiini hakikutulia. Pigo moja kama hilo pengine halina madhara yoyote, na mtu hasikii lolote ila mlio masikioni, ambao hupita. Lakini wazee wetu walikwisha kusema: bandu bandu huisha gogo.

BAADA YA MAKOFI YA WATU

Webster aliondoka Pittsburgh mwisho wa msimu wa 1988, akacheza misimu miwili huko Kansas City, akaacha mchezo mwaka 1991. Muda si mrefu watu wa karibu naye waliona kwamba si mtu yuleyule. Alisahau mambo aliyoambiwa sasa hivi. Alikasirika bila sababu, kisha akajuta. Aliandika barua ndefu zenye maneno yasiyoungana. Fedha zake zilipotea katika biashara zilizoshindwa. Ndoa yake ikavunjika. Mtu aliyepata kushangiliwa na maelfu alilala katika gari lake, na mara nyingine katika kituo cha reli. Maumivu ya mwili hayakumpa usingizi, hata akawa akijipiga kwa kifaa cha umeme ili apoteze fahamu na kulala kidogo. Meno yake yalipong'oka aliyarudisha kwa gundi. Mwanawe mmoja, kijana wa shule, alihamia kwake amtunze: mtoto akawa kama mzazi wa baba yake.

Mwaka 1997 aliitwa mjini Canton, jimbo la Ohio, aandikwe katika nyumba ya mashujaa. Terry Bradshaw, mrusha mpira ambaye alimlinda miaka mingi, alimtambulisha kwa maneno ya upendo. Webster akasimama kusema. Alisema kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa. Maneno yake yalikwenda huku na huku, yakarudi, yakapotea tena. Waliomsikiliza walielewa kwamba mbele yao amesimama mgonjwa.

Mwaka 1999 baraza la pensheni ya wachezaji lilikubali kwamba Webster hawezi tena kazi yoyote, na kwamba sababu ni mapigo ya kichwani aliyoyapata uwanjani. Jambo hilo lilibaki katika karatasi za ofisi. Madaktari wa ligi, kwa upande wao, waliendelea kuwaambia watu kwamba mchezo hauharibu ubongo wa wachezaji.

Tarehe 24 Septemba 2002 moyo wake ulisimama. Alikuwa na miaka 50.

DAKTARI KUTOKA NIGERIA

Siku nne baadaye, Jumamosi, mwili wake uliwekwa mezani katika ofisi ya serikali ichunguzayo maiti mjini Pittsburgh. Daktari wa zamu alikuwa Bennet Omalu. Alizaliwa mwaka 1968 katika mji wa Nnokwa, mashariki ya Nigeria, wakati wa vita vya Biafra. Alisomea uganga katika chuo kikuu cha nchi yake, akaenda Marekani mwaka 1994. Ni Mkatoliki, na mara nyingi amesimulia kwamba maiti kwake ni mgonjwa kama wagonjwa wengine, astahiliye heshima, hata yeye husema naye anapomhudumia.

Omalu hakuwa mtazamaji wa mpira wa Kimarekani. Jina la Webster, ambalo kila mtoto wa mji ule alilijua, yeye hakulijua. Lakini asubuhi ile alikuwa amesikia katika televisheni jinsi mtu huyo alivyoishi miaka yake ya mwisho, akajiuliza: mtu wa miaka 50 akili yake yaharibikaje hivi?

Alipoutazama ubongo kwa macho aliuona mzima. Haukuonyesha kovu wala kusinyaa. Sababu ya kifo, yaani moyo, ilikwisha kujulikana. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeandika karatasi yake na kwenda nyumbani. Omalu hakutosheka. Aliuhifadhi ubongo katika dawa, akaagiza ukatwe vipande vyembamba mno, vitiwe rangi, apate kuvitazama kwa hadubini. Gharama alizilipa kutoka mfuko wake mwenyewe.

Alichokiona kilimshangaza. Ndani ya chembe za ubongo mlikuwa na madoa na mafundo ya protini iitwayo tau, mahali ambapo hayapaswi kuwapo katika ubongo wa mtu wa umri ule. Tangu mwaka 1928, daktari wa Kimarekani Harrison Martland alipoandika habari za wapiganaji ngumi waliopumbaa, waganga walijua kwamba mapigo mengi ya kichwa yaweza kuharibu akili ya mtu. Lakini Webster hakuwa mpigana ngumi. Alikuwa amevaa kofia. Omalu aliwaonyesha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, nao wakathibitisha. Mwaka 2005 yeye na wenzake waliitangaza habari hiyo katika jarida la madaktari wapasuaji wa ubongo. Ugonjwa huo wajulikana kwa herufi tatu, CTE.

UBISHI NA HUKUMU

Mtu angedhani kwamba wakubwa wa mchezo wangemshukuru. Sivyo. Madaktari wa kamati ya ligi walilitaka jarida liifute makala hiyo, wakisema kwamba Omalu amekosea. Jarida halikuifuta. Wengine walimdharau kama mgeni asiyeujua mchezo. Na kweli hakuujua; yamkini ndiyo sababu macho yake hayakuzibwa na makofi ya watu.

Mwaka 2006 alitangaza habari ya pili: Terry Long, aliyejiua mwaka 2005, alikuwa na ugonjwa uleule. Long alikuwa mmoja wa wale watano wa mbele wa Pittsburgh, na kwa miaka kadhaa alisimama katika safu moja na Webster. Kisha ikaja habari ya Justin Strzelczyk, aliyecheza katika safu hiyohiyo baada ya Webster, akafa katika ajali ya gari mwaka 2004 akiwa na miaka 36. Naye alikutwa na ugonjwa huo.

Mwezi wa Desemba 2006 mahakama ya rufani iliamua kwamba jamaa ya Webster walipwe zaidi ya dola milioni 1 za pensheni ambayo alikuwa amenyimwa. Mwaka 2009 msemaji wa ligi alikiri kwa mara ya kwanza kwamba mapigo ya kichwa yaweza kuleta madhara ya kudumu. Baadaye wachezaji wa zamani zaidi ya 4,500 waliishtaki ligi. Mapatano yalifanyika mwaka 2013, yakaidhinishwa na mahakama mwaka 2015, na malipo yamekwisha kupita dola bilioni 1. Hata humo palikuwa na dhuluma: katika kupima akili, mchezaji mweusi alihesabiwa kwamba tangu mwanzo akili yake ni pungufu kuliko ya mweupe, ili ionekane kwamba hakupoteza kitu. Wachezaji weusi walilalamika, na mwaka 2021 ligi ilikubali kuiacha hesabu hiyo.

Tangu mwaka 2011 mazoezi ya kugongana yamepunguzwa sana, na mwaka 2018 mchezaji alikatazwa kuinamisha kichwa ili kumgonga nacho mwenziwe.

Yatupasa kusema kweli yote. CTE huthibitishwa tu baada ya kifo, ubongo ukichunguzwa. Mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Boston waliandika kwamba bongo 110 kati ya 111 za wachezaji wa NFL walizochunguza zilikuwa na ugonjwa huo. Lakini bongo hizo nyingi zilitolewa na jamaa waliokwisha kuona dalili. Kwa hiyo si haki kusema kwamba kila mchezaji atapatwa. Wapo wazee wengi wa mchezo huo wenye akili timamu. Wataalamu wangali wakitafuta kwa nini mmoja hupatwa na mwingine hapatwi.

NA SISI?

Pengine msomaji atasema: mambo hayo ni ya Marekani, watoto wetu hucheza mpira wa miguu. Basi na asikie habari ya Jeff Astle, mfungaji mashuhuri wa Uingereza, aliyesifiwa kwa mabao yake ya kichwa. Naye alikufa mwaka uleule wa 2002, akiwa na miaka 59, hawezi tena kukumbuka kwamba alipata kucheza mpira. Mwezi wa Novemba mwaka huo afisa wa serikali aliyechunguza kifo chake aliamua kwamba kilitokana na kazi yake, yaani kuupiga mpira kwa kichwa. Mwaka 2020 wakubwa wa mpira huko Uingereza walishauri kwamba watoto wa shule za msingi wasifundishwe tena kupiga mpira kwa kichwa katika mazoezi.

Hatusemi vijana waache kucheza. Mchezo hujenga mwili, hufundisha utii na kusaidiana, na Webster mwenyewe aliupenda mpaka mwisho. Twasema hivi: mtoto aliyegongwa kichwa akaona kizunguzungu, akatapika, au akasahau alipo, asirudishwe uwanjani siku ile, hata kama timu inashindwa, hata kama yeye mwenyewe anaomba kwa machozi. Apelekwe kwa mganga, apumzike mpaka apone kabisa. Mwalimu amwambiaye "kaza moyo, uwe mwanaume" hamfundishi ushujaa. Anakata bandu moja katika gogo lisilo lake.

Tena liko neno kwa wakubwa wa kazi zote, si wa michezo tu. Mwajiri huhesabu magunia yaliyobebwa, na mawe yaliyovunjwa, na siku ambazo mtu hakufika kazini. Na ahesabu pia mgongo wa mbebaji, na mapafu ya mvunja mawe, angali hai na angali na nguvu za kusema jinsi aonavyo. Mapigo ya Mike Webster yalihesabiwa hatimaye, kwa hadubini, na mgeni aliyelipa gharama kwa fedha zake. Lakini yalihesabiwa mtu akiwa amekwisha kulazwa mezani.